Mikono Miwili Jaani

Kisauni, Mombasa
Jumapili

Kwa dada yangu Mapenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Marafa, wewe, shemeji na wanao. Mama goti lake vipi? Mvua imeshuka, ama bado mnatazama mawingu tu? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo unaouma kama wa mzee. Nimeandika barua kwa sababu simu yako huiweka sauti ya juu nyumba nzima isikie, na haya ni yako peke yako. Kitsao, mwokotaji mwenzangu anayekuletea, nimemwapisha asiifungue.

Najua ameshawaambia kuwa mdogo wako ni shujaa. Ni hivi, dada. Jaa letu la taka linafungwa. Bibi afisa mmoja, Wardah, alituletea mpango: jaa ligawanywe sehemu nne, kila moja na mwenyewe anayeiokota, zifungwe moja moja. Ikifungwa sehemu, inafunikwa udongo, inachimbiwa mitaro ya maji machafu na kupandwa nyasi, huku nyingine zikiendelea kupokea taka mpaka banda jipya la kuchambulia taka, tutakamofanya kazi sote, liwe tayari. Alituomba sisi waokotaji tukubaliane ipi itangulie. Tukishindwa, wakubwa wake watafunga lote siku moja, kila mtu arudi kwao.

Basi tukaketi chini ya turubai. Mzee Mwinyihaji, mwenyekiti wetu, akaomba dua, sote tukainua mikono, hata sisi Wakristo, maana ndiyo desturi yetu hapa. Kisha vita vikaanza. Kitsao akamwambia mwenzetu Mwidani kuwa sehemu yake ni nepi tupu, anang'ang'ania nini. Mwidani akamjibu kuwa hata hizo nepi zina faida kumshinda yeye. Kila mtu alitaka ya mwenzake itangulie. Yangu haikutajwa, kwa kuwa ndiyo nono. Malori ya hoteli humwaga hapo, chupa na makopo, na kila mtu alijua siitoi hata kwa panga.

Mwishowe Bi Wardah akaanza kukunja makaratasi yake. Mwinyihaji akauliza mara ya mwisho kama hakuna hata mmoja wa kutoa sehemu yake. Kimya. Ndipo wakaniona nimeinua mikono, yote miwili. Mzee machozi yakamtoka. Akasema wallahi Kadenge ameitoa sehemu ya hoteli, tena kwa mikono miwili, sasa nani atasema yake ni tamu zaidi? Mwidani akasimama, akasema yake ifuate, na mimi niokote kwake wakati nangoja banda. Kitsao akaona haya, akasema yake iwe ya tatu. Nikabebwa juu juu mpaka getini.

Ungeiona leo! Sehemu yangu ile ni kilima cha nyasi, moshi wa taka umekwisha. Bi Barke wa nyumba ya pili, aliyekuwa akianika nguo chumbani miaka yote, sasa anaanika mashuka meupe uani. Hakuna hata mmoja wetu aliyefukuzwa.

Sasa la moyoni. Dada, sikutoa kitu. Nilikuwa nimebeba magunia tangu alfajiri, nikasinzia tangu maneno ya nepi; yaliyofuata nilisimuliwa baadaye. Kile kimya ndicho kilichonizindua. Nikadhani ni dua ya kufunga mkutano, nikainua mikono niitikie amina. Kufungua macho, mzee analia na Mwidani ameshasimama. Mdomo ulikuwa wazi nikanushe. Lakini ningekanusha, naye angeketi, na sote tungefunga virago.

Juzi imefungwa sehemu ya Mwidani. Kibarua cha kusambaza udongo kilibaki kimoja, nami ndiye niliyeahidiwa. Mwinyihaji akauliza nani atampisha Mwidani. Nikainua mikono, yote miwili. Safari hii nilikuwa macho.

Kwa sasa naokota kwa Kitsao. Mama usimwambie habari za usingizi, mwache ajivune sokoni. Mbusie goti lake, na watoto uwape pipi alizobeba Kitsao, kama hakuzila njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Kadenge