Springi ya Mlango wa Jikoni

Jumamosi, 6 Machi 2010
Limefika! Limeshushwa kwenye lori kwa kamba na makelele. Gari la spoti, viti viwili, jekundu — pale ambapo kutu haijala. Panya wamezaa kwenye kiti cha dereva. Mke wangu katoka na sare yake ya uuguzi, kalizunguka, kauliza kama limekufa au linaumwa tu. Nikamwapia mbele ya majirani: siku utakayostaafu, nitakuja kukuchukua hospitali na hili hili. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema basi hatalikalia kabla ya siku hiyo. Sawa! Muda ninao tele.

Jumapili, 14 Julai 2013
Injini yote iko vipande vipande chumba cha wageni. Wageni wamekoma kuja. Leo kesi nyingine: mlango wa jikoni haukai umefungwa, paka wa jirani kaingia, kaondoka na nyama yote. Mke wangu kanitazama kama mgonjwa aliyetema dawa. Nikachokora kwenye kopo la vifaa, nikapata springi ndogo, nikaifunga mlangoni. Paa! Unajifunga wenyewe. Nimesifiwa, nimeongezewa chai. Mimi ni fundi bwana.

Jumatano, 2 Novemba 2016
Rangi ya mwisho leo. Mbu kanasa kwenye boneti. Nimemwacha.

Jumatatu, 18 Oktoba 2021
Nimepata leseni! Mtihani wa tatu. Mke wangu ana ya kwake tangu hatujaoana, wala hajawahi kunisimanga — labda kila wiki tu.

Jumapili, 23 Juni 2024
Injini imewaka! Fundi umeme kaunga waya wa mwisho, nikazungusha ufunguo, ikakohoa, ikawaka. Nikakanyaga mafuta kidogo. Nikaachia — haisikii! Inazidi kupanda. Moshi, vikombe vinacheza kabatini, mimi nimeganda. Fundi kapitisha mkono dirishani, kazima. Kafunua boneti, kauliza springi ya kurudisha pedali ya mafuta iko wapi, nani kaitoa. Nikaapa hakuna aliyegusa kitu. Na mke wangu anastaafu Ijumaa. Ijumaa hii!

Jumanne, 25 Juni 2024
Nimepindua makopo yote. Madukani wananicheka, gari lenyewe hawalijui. Za magari mengine fupi, au zimelegea. Nimekaa jikoni, chakula hakipiti. Miaka yote hii, halafu nimpeleke nyumbani kwa teksi? Roho inauma. Mke wangu kaingia na ndoo. Mlango nyuma yake — paa!
Nikainua kichwa. Tukatazamana.
Ni mimi! Kwa mikono yangu mwenyewe! Kacheka mpaka kaketi juu ya ndoo. Kasema niichukue, ila mlango niufunge na kitu kingine kabla paka hajapata habari. Nimeweka kipande cha tyubu ya baiskeli. Mlango sasa unajivuta kivivu.

Ijumaa, 28 Juni 2024
Niko kwenye geti la hospitali. Naandikia juu ya usukani. Injini inanguruma taratibu. Siizimi ng'o, njiani ilizimika ikabidi wapita njia wanisukume. Mlinzi kaja mara mbili kuniambia nizime. Mara ya pili kaomba kupiga picha.
Huyo anakuja! Maua mkononi, wenzake nyuma. Ameniona. Kasimama. Anajifuta macho na mkono wa sare. Nimemfungulia mlango wa abiria.
Anaupita! Anazunguka mbele, kidole kwenye boneti, penye mbu. Yuko dirishani kwangu. Anasema nisogee. Mimi nimelitengeneza, sawa, lakini yeye ndiye aliyesubiri.
Nimesogea. Kaketi, maua kanitupia mapajani. Mlango — paa! Anakanyaga mafuta, injini inapanda. Anaachia. Inashuka, inatii. Ananitazama, anacheka kama siku ile ya ukuta. Mlinzi ameanza kuinua chuma cha geti, mke wangu anamwona anachelewa, anapiga honi, wauguzi wanapiga vigelegele, kaingiza gia ya kwanza na