Finjani ya Mama Ghalib

Jumamosi, 2 Novemba
Ziara ya kwanza imekamilika. Mimi, niliyehitimu mwezi wa sita tu, nimekabidhiwa darasa zima la huduma kwa jamii! Mkuu wa kitivo amedokeza kwamba nafasi ya mhadhiri msaidizi itaamuliwa muhula huu. Anataka kazi inayoonekana. Kuonekana — neno lake mwenyewe.

Nyumba tuliyopewa iko kijijini, juu ya mji wa Karak. Ni ya Mama Ghalib, mjane. Mwanawe yuko Kuwait. Paa linavuja. Alitupokea huku kiganja chake kikipapasa ukuta. Nilimwamkia kwa heshima zote, naye akampa mkono Qutaiba, mwanafunzi wangu, akidhani ndiye mwalimu. Qutaiba hakumsahihisha.

Jumana, anayesomea uuguzi, alinivuta pembeni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Yanatibika, asipochelewa.

Jumapili, 3 Novemba
Jumana amepata nafasi hospitali ya mjini: upasuaji bila malipo, Jumatatu tarehe 18. Akampigia simu Mama Ghalib. Jibu: sadaka wapelekeeni maskini. Akakata.

Jumamosi, 9 Novemba
Paa limezibwa. Kuta zimepakwa chokaa. Tulimpelekea kasha la vyakula. Akalipokea, kisha akatufungashia mayai, zeituni na jibini hadi mzigo wa kurudi ukawa mzito kuliko wa kwenda.

Nikatundika bango la chuo na kumwomba asimame chini yake na kasha lake, kwa ajili ya picha. Akauliza kitambaa kimeandikwa nini. Nikamsomea kwa sauti: Mkono kwa Wahitaji.



"Mhitaji ni nani hapa, mwanangu? Nyinyi mmekula kwangu, au mimi nimekula kwenu?"

Qutaiba akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Hakuna picha. Wakati wa kumimina chai, maji ya moto yalimmwagikia Mama Ghalib mkononi. Akasema birika limelewa. Jumana akagusia tena hospitali. Akaambiwa macho haya yameshaona ya kutosha. Lakini nilimwona akiusogeza mkono ule karibu kabisa na uso wake, akiugeuza, akitafuta palipoungua.

Jumanne, 12 Novemba
Mkuu ameitaka picha ya bibi huyo chini ya bango, Jumamosi, bila kukosa. Nikajibu: bila shaka, Mheshimiwa. Bila shaka!

Jumamosi, 16 Novemba
Ninaandika nikiwa kwa Mama Ghalib, nimeketi kwenye godoro la wageni. Lazima niandike, mikono ipate kazi.

Alimimina kahawa chungu mwenyewe, sikio likiwa karibu na finjani, akisikiliza inavyojaa. Nilipopokea yangu, simu ikalia. Mkuu. Nikaiweka finjani chini, mbele yangu, nikajibu. Picha? Inakuja, Mheshimiwa.

Nilipogeuka, chumba kizima kinanitazama.

"Nimeisikia ikitua," akasema Mama Ghalib. "Imetua imejaa. Haya, mgeni ana ombi."

"Mwalimu anaposa!" Qutaiba akapasua kicheko.

"Mwambie amechelewa. Marehemu alimtangulia."

Tukacheka sote. Kisha akaweka ushungi wake sawa, na kicheko kikaisha chenyewe. "Kunywa kahawa yako. Ulilolijia umepewa."

Nayajua maneno hayo. Katika kila posa ya Amman, mzee wa upande wa bwana harusi huiweka finjani chini bila kunywa, ishara kwamba ana ombi, mpaka ayasikie. Lakini kule mambo yote huwa yameshapangwa. Ni mchezo tu. Huku si mchezo. Nikafungua kinywa niseme nimekosea, ilikuwa simu tu — Jumana akanikanyaga mguu.

"Usinijibu kwa pupa," akasema Mama Ghalib. "Naenda kuswali alasiri. Nikirudi utasema. Nyumba hii haijawahi kumrudisha mgeni na finjani iliyojaa, na sitaanza na wewe, hata kama huna masharubu."

Akatoka, kiganja ukutani.

Ombi moja. Hawezi kulikataa. Bango liko kwenye begi, na mkuu ameshatuma ujumbe: tunasubiri. Jumana anaitazama finjani yangu tu. Keshokutwa ni Jumatatu.

Na hili ndilo linalonizunguka kichwani: akienda hospitali kwa ombi la mgeni, hatakuwa amepokea sadaka. Atakuwa ameitoa.

Qutaiba ameuliza kama alitundike bango. Nimemwambia alirudishe kwenye basi. Ameniangalia mara mbili, akaenda bila mzaha. Simu inalia tena. Nimeifunika kwa mto.

Sala imekwisha. Nasikia kiganja kikisugua chokaa mpya, kikiutafuta mlango. Kahawa imeshapoa. Jumana ameniletea kiti karibu na anapokaa Mama Ghalib, ili nisilazimike kupaza sauti.

"Haya, mwalimu," anasema kabla hajaketi. "Sema."

Nitaanza na siku yenyewe. Mama Ghalib, Jumatatu —