Mkono Mmoja, Hisa Elfu Tatu

Alhamisi, 24 Septemba 1998

Kitangari. Leo ni miaka thelathini na mitano, miezi miwili na siku kumi na tatu tangu nipande lori la manamba kwenda kukata mkonge Tanga. Hesabu nimeifanya Masasi, nikisubiri gari la Newala lijaze abiria. Katikati nimekuja mara mbili tu, zote msibani. Safari hii hajafa mtu. Dada yangu Bibiana kaniandikia mistari mitatu: kampuni inataka kutoa hisa mpya, watoto wanataka, njoo useme wewe.

Niseme mimi! Nilikuwa karibu nimesahau. Kwetu ardhi hupita upande wa mama, na msemaji wake ni mjomba — hata mjomba anayekaa Muheza akisoma vitabu vya watu waliokwisha kufa. Ndiyo maana mwaka 1995, kiwanja cha marehemu mama kilipotolewa kijengwe kiwanda cha kubangua korosho, hisa za ukoo ziliandikwa jina langu. Elfu tatu. Kampuni nzima ina elfu kumi. Elfu saba ni za wakulima mia mbili na tisa wa hapa na Mkunya, waliolipa kwa magunia ya korosho.

Hati ilinifikia kwa posta. Niliitazama, nikaona mhuri mzuri, nikaiweka. Miaka mitatu sikuuliza swali. Hilo niliandike mapema kabla sijaanza kuwacheka wengine.

Bibiana kazeeka. Bila shaka naye ameandika hivyo juu yangu moyoni. Maji bado yanafuatwa mbali. Nimeoga nusu ndoo, nikaona aibu.

Ijumaa, 25 Septemba

Nimekwenda kukiona kiwanda. Bati, sakafu ya saruji, meza za kubangulia, tanuru moja lililopasuka. Palipokuwa na mikorosho sita ya mama, sasa ni ofisi ya katibu. Mtu wa Moshi, Humphrey, zamani mwalimu. Shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Akanipa shikamoo vizuri sana. Mtu anayetoa shikamoo vizuri kiasi hicho ana jambo.

Nje ya ofisi kuna ubao mweusi. Umeandikwa kwa chaki: BEI YA HISA LEO SH. 640. Watu kama kumi wamesimama mbele yake. Nimemuuliza mama mmoja, Esha, muuza maandazi, mwenye hisa ishirini na mbili.

— Imepanda, babu! Jumatatu ilikuwa mia sita na kumi.

— Nani kanunua?

— Hajanunua mtu. Imepanda tu.

— Itapandaje bila mnunuzi?

Akanitazama kwa huruma. Akaniambia siku hizi Dar es Salaam kuna soko la hisa, na huko bei hupanda zenyewe, imetangazwa redioni.

Nimemfuata Humphrey. Bei ile anaipata wapi? Kasema anatazama bei ya korosho ghafi, anatazama "hali ya soko", anakadiria. Anakadiria! Mtu mmoja na chaki yake. Na watu wazima wanaacha palizi kuja kumsomea mwandiko.

Jumapili, 27 Septemba

Chakula cha mchana kwa Bibiana. Alikuwapo Fortunatus, mwanawe wa kwanza, na Nikolao, mtoto wa mama yetu mdogo, mtu wa kucheka kabla kichekesho hakijaisha. Nimeelezwa mpango wote. Kuna mfanyabiashara wa Mtwara, Bwana Ashraf. Kampuni itatoa hisa mpya elfu kumi na tano, yeye atazinunua zote kwa shilingi mia mbili kila moja. Pesa hiyo itatengeneza tanuru, italeta mashine. Mkutano ni Jumamosi.

Nikauliza: ninyi mlinunua kwa ngapi? Mia tano. Ubao unasema ngapi? Mia sita na arobaini. Yeye anapewa kwa mia mbili? Halafu Fortunatus kasema huyo ni mwekezaji, Mjomba. Neno hilo analitamka kama padri anavyotamka jina la mtakatifu.

Nikachora kwa kijiti mchangani. Leo tuna elfu tatu katika elfu kumi: kila korosho kumi, tatu zetu. Kesho elfu tatu katika elfu ishirini na tano: kila kumi, moja na kidogo. Yeye sita. Hawajaelewa. Nikashika kata ya uraka tuliokuwa tunakunywa. Nikasema, hii pombe ya mabibo, nikimwaga ndoo mbili za maji ndani ya mtungi, wewe bado utapewa kata yako ileile. Lakini utalewa?

— Lakini mtungi utakuwa umejaa, Mjomba!

Nikolao kacheka mpaka kapaliwa. Hata Bibiana kacheka. Nami nilikaribia.

Kisha nikasikia jambo lililoniondolea tabasamu. Nimewaambia: akiwa na sita katika kumi, ataamua kila kitu, hata kuuza kiwanja cha mama. Fortunatus kanijibu bila wasiwasi: ataamuaje? Sisi ni watu mia mbili na kumi, yeye ni mtu mmoja. Tutamshinda kwa mikono.

Mikono! Nimeelewa sasa. Hawa wamelelewa na chama cha ushirika. Huko mwenye gunia moja na mwenye magunia mia wote wananyoosha mkono mmoja. Ushirika umekufa, madeni yamebaki, na kilichobaki kingine ni hiki: imani kwamba tajiri naye ana mkono mmoja. Wamenunua kampuni, wakafikiri ni chama kilichobadilisha jina.

Jumatano, 30 Septemba

Siku tatu nimeomba kusoma katiba ya kampuni. Jumatatu ufunguo wa kabati ulikuwa kwa mwenyekiti. Jana mwenyekiti alikuwa Masasi. Leo nimekuja na kiti changu, nikakaa mlangoni kwa Humphrey tangu saa mbili asubuhi. Saa sita ufunguo ulionekana mfukoni mwake.

Kurasa kumi na nane. Hakuna aliyewahi kuzifungua; zimeshikana pembeni. Kifungu cha kumi na moja: hisa mpya zahitaji robo tatu ya kura. Kifungu cha ishirini: kura ni kwa mikono, isipokuwa mwanahisa mwenye sehemu moja ya kumi ya hisa akidai zihesabiwe kwa hisa.

Mwenye moja ya kumi ni nani? Niko peke yangu.

Humphrey kaniuliza kama nimepata nilichotafuta. Nimemwambia mwandiko wa taipu umefifia.

Jumamosi, 3 Oktoba

Niandike kwa utaratibu.

Mkutano ulianza saa nne badala ya saa mbili. Wamekuja watu mia moja na tisini na mbili, nami nikiwamo. Ashraf kaja na gari, kanzu nyeupe, adabu nyingi, soda za watu wote. Amesema maneno machache na yote ya kweli: tanuru limepasuka, msimu umeanza, benki haiwapi mkopo. Simchukii. Ni mtu anayenunua kwa bei anayouziwa.

Nilipewa nafasi. Nikawaeleza kama nilivyoeleza nyumbani, bila uraka. Sauti nyuma ikasema: "Huyo ni mjomba wa barua! Hajabeba ndoo ya maji hapa tangu Mwingereza!" Kicheko. Si kweli, niliondoka baada ya Uhuru. Lakini nani atasahihisha tarehe katikati ya kicheko?

Humphrey akaita kura. Wanaokubali! Mikono ikasimama kama shamba la mtama. Mia moja na tisini na moja. Bibiana naye kanyoosha, ingawa nilimwona akitazama chini. Hana hisa kwa jina lake, hakuna aliyejali. Wanaokataa? Nikanyoosha mimi. Mkono mmoja. Walicheka tena, wengine wakanipigia makofi.

"Limepita," kasema Humphrey, na kalamu tayari iko kwenye karatasi. Haraka ile! Anakijua kifungu cha ishirini. Alikijua muda wote. Alitegemea mazoea yao yamfanyie kazi, na yangemfanyia.

Nikasimama. Nikasema nadai kura zihesabiwe kwa hisa. Nikataja kifungu, nikataja ukurasa. Humphrey kaanza kusema habari za taratibu, muda, wageni. Ashraf mwenyewe ndiye aliyemwambia, kwa upole: "Mzee ana haki. Hesabu."

Dakika arobaini wakijumlisha. Wote wenye kukubali, hata tukiwatia wasiofika, elfu saba. Wa kukataa, elfu tatu. Robo tatu ni elfu saba na mia tano. Limeanguka.

Hawakuelewa kwanza. Kisha Esha kasimama, na maandazi yake bado kichwani.

— Mkono mmoja umekula mikono mia na tisini?

Nikasema ndiyo, Mama. Ndivyo hasa. Na hivyo ndivyo Bwana Ashraf angewafanyia kila mkutano, mpaka mfe. Mimi nimewafanyia mara moja mwone.

Nilidhani hapo wataelewa. Niliona nyuso mbili tatu zikianza kuelewa — naapa niliziona. Halafu Esha akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza bei:

— Ashraf angalau kaleta pesa. Wewe, babu, umeleta nini? Ukurasa?

Miaka sitini na mitatu, maktaba nzima kichwani, nikakaa chini.

Jumapili, 4 Oktoba

Ubao umefutwa. Haukuandikwa hata sifuri.

Fortunatus kapita uani bila kunipa shikamoo. Mtoto niliyemlipia ada ya sekondari kwa hundi za posta. Watu wanasema nimeua bei. Bei ya chaki! Mtu anaua vipi kitu ambacho hakikuzaliwa?

Lakini tanuru limepasuka kweli. Hilo nalo ni kweli. Lisipotengenezwa, msimu huu watauza ghafi kwa yeyote mwenye mizani, kama zamani. Nitakuwa nimelinda asilimia thelathini ya bati na nyufa. Nimeliwaza tangu asubuhi. Nimewadharau siku kumi kwa kutojua hesabu, na hesabu hii ya mwisho mimi mwenyewe sijaifanya.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimemwendea Ashraf Newala, alipofikia. Nimemuuliza: ukipewa hisa elfu tatu tu, kwa mia tano, kama wenzako walivyolipa, utatengeneza tanuru? Pesa ya tanuru inatosha humo, nimepiga hesabu. Kanipa chai. Kasema atafikiri. Kasema pia kwamba katika mji huu mimi ndiye mtu wa kwanza kumjadilia bei. Katibu alimtajia mia mbili kabla hajafungua mdomo.

Mia mbili! Katibu hakuombwa hata kupunguza.

Jumanne, 6 Oktoba

Ukoo umekaa leo uani kwa Bibiana tangu saa tatu. Jambo limeletwa na Fortunatus: mjomba wa mbali abadilishwe, kazi ya mjomba apewe Nikolao, hisa zihamie jina lake. Fomu ya kuhamisha hisa ilikuwa tayari, imejazwa kwa taipu. Naijua mashine ile, herufi "e" imeziba. Ni ya ofisini kwa Humphrey. Mkutano mwingine umeitwa tarehe 31.

Nikolao kasema yeye ni mtumishi tu wa ukoo. Nikamuuliza, mbele ya wote, hisa ni nini. Kasema ni baraka. Huyo ndiye mlinzi wa kiwanja cha mama!

Nilisema mengi. Niliwaita majina ambayo sitayaandika. Nilisema nitaondoka na hati yangu, na wakitaka sahihi yangu waifuate Muheza kwa miguu. Nikajiona nimeshinda.

Ndipo Bibiana alipozungumza. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa.

— Kaka, Nikolao namjua. Atasaini kabla hajakaa. Lakini wewe nawe sikujui. Kiwanja kile mama alikulimia wewe na mimi. Ukizishika hizo hisa, zishike ukiwa hapa, wakutukane hapa, unywe maji tunayokunywa. Ukiondoka, weka sahihi. Mjomba wa posta sina kazi naye.

Wamekwenda kula. Fomu iko mbele yangu, imewekewa jiwe isipeperuke. Fortunatus amekaa kizingitini akinisubiri, amenigeuzia mgongo.

Huko Muheza kuna chumba kilicholipiwa mpaka Desemba, masanduku manne ya vitabu, na kaburi la Julia, mke wangu, ambaye nilimwahidi kuzikwa pembeni yake. Kuna mzee mmoja tunayebishana naye habari za vita vya zamani kila jioni. Hapa kuna watu mia mbili na tisa wanaonichukia, katibu mwongo, tanuru bovu, na mfanyabiashara anayefikiri. Sijawapenda ghafla. Sioni hata mmoja wa kumwachia kurasa zile kumi na nane azisome hadi mwisho.

Bibiana kaniletea chakula, kakiweka juu ya fomu, kaenda zake.

Muheza sirudi.