Vidonge vya Goti

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimekanyaga cherehani kwa mguu ule ule uliopasuliwa goti! Nimepinda mapazia mawili, wala sikuguna. Vidonge vya mofini sivihitaji tena. Mfamasia alisema vikibaki nimrudishie, nisitupe jalalani wala nisimpe mtu — kinachomtuliza mtu mzima kinaweza kumkata mtoto pumzi. Na Jumamosi binti yetu anatuletea mjukuu. Huyo kila kitu lazima akionje kwanza.

Jumatano, 5 Machi
Pakiti haipo kabatini. Mume wangu anasema labda nimesahau nilipoiweka. Mimi? Mtu huyu ana funguo za nyumba zilizokwisha kubomolewa. Akiba haiozi, ndio wimbo wake.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepekua mpaka ndani ya viatu vyake vya harusi. Hakuna. Nikaona bora nishone, roho itulie. Natafuta kifungo cheupe kwenye kopo la vifungo — kumbe vidonge hivi hapa! Kavitoa kwenye pakiti, kavichanganya na vifungo vya mashati. Vidogo, vyeupe, vya mviringo. Na kopo hilo mjukuu hulikimbilia kabla hata ya kunisalimia! Niliogopa kweli.

Akajitetea: mgongo wake ukimkaza siku moja, dawa kali hivyo atazipata wapi? Basi nikampa vidonge vyake. Si vya mofini. Akavimeza vyote. Halafu akavaa miwani, akakaa sakafuni, tukachambua kopo zima. Kimoja alikisugua kwa shati, akaapa ni kidonge. Kilikuwa na matundu manne. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumamosi, 8 Machi
Naandikia kwenye benchi la duka la dawa. Mjukuu nimempakata, ananyonya kidole — chake mwenyewe, afadhali. Mume wangu yuko dirishani na koti lake zuri, anakabidhi bahasha kwa huzuni ya mfiwa. Mfamasia anamsifu, laiti wazee wote wangekuwa kama yeye. Anamuuliza kama ndivyo vyote. Vyote, mwanangu, anajibu.

Mjukuu kaniponyoka. Anamwendea babu yake, mkono moja kwa moja mfuko wa kushoto — ndimo pipi zake zinamokaa siku zote. Babu kamdaka mkono! Kabadilika rangi. Anamgeukia mfamasia, ati asifunge bahasha kwanza. Katikati ya pipi anachomoa kidonge kimoja cheupe, hakina hata tundu moja.