Bao la Kisiwani

Tata,

Nakuandikia, baba yangu, nikiwa kwenye kiti chako, maana siku hizi sina kingine. Tangu tulipomaliza matanga, wazee wa ukoo wakanikalisha hapa na kunikabidhi mundu wako wa kibanja, shamba letu la migomba, mimi si Mugisha tena. Mimi ni wewe. Dada ananiita Tata, nusu utani. Jirani amekuja na shauri la mpaka, akaniambia, "Ulikubali mwenyewe mwaka ule." Nilikubali lini? Sikuwa hata nimezaliwa!

Hayo navumilia. Linalonibana ni daftari.

Daftari lako la mabao, yako na ya Mzee Kaijage, enzi mlipokuwa washambuliaji wa kwanza kulipwa hapa Bukoba. Utotoni ulinisomea kila Jumapili tukitoka kanisani: wewe sitini na moja, Kaijage sitini. Ukifika hapo unacheka mpaka kofia inaanguka. Siku ya mazishi Kaijage alikuja kutoka Muleba na magongo yake, akasimama mbele ya watu hapa kijijini kwetu Nyanga, akasema, "Alinizidi bao moja. Nakubali." Watu wakapiga makofi. Mama alilia kwa fahari, na sasa anataka kaburi lako liandikwe "Mfungaji Bora".

Wiki jana nililifungua daftari dirishani, mchana kweupe. Mechi ya kisiwani, mliyocheza na wavuvi. Jina la mfungaji limefutwa kwa raba mpaka karatasi imekuwa nyembamba, na lako limeandikwa juu kwa wino. Chini yake penseli bado inasomeka: Kaijage.

Kwa nini, Tata? Nimekukasirikia, na sina wa kumgombeza ila huyu aliyekaa kwenye kiti chako.

Tena hukuhitaji! Nilisomea ualimu wa hesabu bure? Sitini na moja ni ya Kaijage, sawa. Lakini goti lilikutoa uwanjani misimu miwili kabla yake. Nimegawa mabao kwa mechi, yako na yake, nikarudia mara tatu. Wewe uko juu, tena mbali. Ungenipa tu nigawe. Ungejisifu kwa haki yako, na yeye angebaki na bao lake.

Sasa Kaijage hainuki kitandani. Amenipigia simu: "Mrithi, njoo na daftari Jumapili. Nataka kulisikia mara ya mwisho." Nikilisoma lilivyo, namdanganya mtu anayekufa. Nikisema ukweli, nakuaibisha ukiwa kaburini, na Mama atauweka wapi uso wake? Nimefikiria kulichoma. Nimefikiria kujifanya mgonjwa. Kila ninapogeuka nakukuta wewe.

Jana nilikumbuka maneno ya wazee siku waliponikalisha: "Kuanzia leo, akisema huyu, amesema baba yake." Siku ile yaliniogopesha. Jana nilikaa nayo muda mrefu.

Fundi wa kaburi nimemwambia asubiri. Mama nitamweleza mwenyewe nikirudi kutoka kwa Kaijage, na najua atanuna.

Kwaheri, Tata. Nakupenda, mwizi wewe. Nakuahidi Jumapili nitakwenda Muleba, nitatafuna punje za kahawa atakazonipa, kama ilivyo desturi yetu kwa mgeni, nitafungua ukurasa wa kisiwani. Sitamwambia kwamba baba alikosea. Nitamshika mkono nimwambie: "Kaijage, bao lile lilikuwa lako. Nilikuibia. Nisamehe."

Mwanao,
Mugisha