Wimbo wa Ukutani

Jumatatu, 3 Novemba

Iandikwe leo, kwa heshima zote: redio ya kinyozi, yaani yangu, imestaafu. Binti yangu kaniletea spika isiyo na waya, ndogo kama chungwa. Wateja hawaisikilizi. Kila mtu anaingia na vidude vyake masikioni. Nikifika kwenye sikio namwomba avitoe — ananitazama kama nimemvua suruali.

Jumanne, 4 Novemba

Binti anaolewa Jumamosi. Anataka mimi na mama yake tufungue dansi kwa wimbo wetu. "Ule wa Nitakutunza, Baba." Mama yake kashawasimulia wakwe wote.

Kweli, una historia. Mwaka wetu wa kwanza, chumba kimoja, redio hatuna. Tulikuwa tunausikia kwa jirani, kupitia ukuta: nitakutunza hadi tuishe, harufu yako mwilini mwangu. Jirani alikuwa anazima kabla haujaisha — bahili wa betri. Siku moja mke wangu kafunga mzigo arudi kwao. Wimbo ukaanza. Akaketi juu ya mzigo, akasikiliza. Hajaondoka mpaka leo.

Jumatano, 5 Novemba

Siku hizi unaiimbia simu, inakutajia wimbo! Nikaimba. Ikasema ni wa kwaya. Nikarudia. Ikasema ni wimbo wa taifa, tena wa nchi ya watu.

"Baba, unaionea simu," binti akasema. Akaimba yeye. Ukapatikana. Kumbe kuna mtu anakusanya vipindi vya redio vya zamani na kuvitia mtandaoni.

Nikausikia safi, bila ukuta katikati. Si nitakutunza. Ni nitakutumia. Nitakutumia hadi uishe.

Tangazo. La sabuni.

Mke wangu akaingia. Nikazima kabla haijatajwa sabuni gani. Binti kauma mto asicheke.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimejaribu, kwenye chai. Mama Watoto, na kama maneno tuliyasikia vibaya?

Akanijibu kwamba masikio mabovu ni yangu. Yeye alisikia vizuri, ndiyo maana alifungua mzigo.

Nikanywa chai.

Nikamwomba binti abadilishe wimbo. Hataki, mama yake atamla nyama. Anasema DJ ataukata kabla mtangazaji hajaanza.

Jumamosi, 8 Novemba

Nyuma ya ukumbi, juu ya kreti la soda. Nimemweleza DJ akatie wapi. Alikuwa na hedifoni kubwa, akaitikia kwa kichwa. Au aliitikia muziki?

Nimeusikiliza hapa simuni, peke yangu, mpaka mwisho kabisa. Bado mtamu. Machozi yalinitoka kidogo, sikatai. Kisha mtangazaji akaingia.

Naitwa. Kupitia mlango namwona mke wangu, kashasimama katikati ya ukumbi, anaimba kabla hata muziki haujaanza. Wakwe wanapiga makofi.

Sabuni yenyewe ni ya mbwa.