Pua ya Kinanda

Jumapili, 5 Oktoba
Siku ya masikio ya mbwa. Kila nikitoka kanisani nachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, napangusa ndani, nakausha. Kinanda akinusa, masikio yanaburuzika chini. Yasiposafishwa yanatoa usaha na harufu mbaya. Ameiba tena ugali jikoni. Hashibi huyu, na nisipompimia atanenepa kama pipa.

Mzungu wa kampuni ya gesi aliyeniachia mbwa huyu mkataba wake ulipoisha aliniachia na kijitabu. Aina yake ni beagle. Walizalishwa Uingereza kuwinda sungura kwa makundi, ndiyo maana hapendi kubaki peke yake. Pua ikishika harufu, masikio hayasikii tena. Mpole, lakini mkaidi. Tunafanana kwa ukaidi.

Bi Somoe, jirani yangu, hamtaki karibu. Mbwa akimlamba, dini yake inamtaka aoshe mara saba, moja kwa udongo. Simlaumu. Namfunga.

Jumatatu, 6 Oktoba
Mzee Issa amepotea. Mume wa Bi Somoe. Katoka alfajiri mkewe akiwa anasali. Kumbukumbu zimemtoka tangu mwaka jana, kutwa anasema anarudi kwao Kilambo. Vijana wa bodaboda wameifuata barabara ya Kilambo mpaka kivukoni. Hakuna aliyemwona.

Saa kumi jioni Bi Somoe kaja mlangoni kwangu, mwenyewe. Nimepigwa na butwaa. "Mwalimu, wanasema mbwa wako anajua kunusa." Mikononi kanzu ya mzee. Imefuliwa, imepigwa pasi, imefukizwa udi. Nguo chafu ya mumewe hawezi kumkabidhi mwanamume wa nje, hata kama wa kuinusa ni mbwa.

Nilijua. Kijitabu kimesema wazi, nguo isiyofuliwa. Nafundisha baiolojia mimi. Lakini nimwambieje mama wa umri ule, mbele ya watu, aniletee singlendi chafu ya mumewe? Niliona haya. Nikaipokea kanzu kwa mikono miwili.

Kinanda kanusa, kazunguka uani, kaenda moja kwa moja barazani kwa Bi Somoe, kwenye chetezo cha udi. Kaketi, kalia kile kilio chake kirefu. Nikamrudisha, akaenda palepale. Mara tatu. Watu wamecheka. Nimempiga teke. Naandika ili kesho nisijidanganye.

Jumanne, 7 Oktoba
Sikwenda shule. Saa mbili asubuhi nilimwita Bi Somoe pembeni, nikamwambia bila kumtazama usoni: foronya anayolalia mzee, isiyofuliwa. Akaingia ndani akaitoa, kaifunga kwenye kanga.

Kinanda kanusa mara moja tu. Hakuinua kichwa tena. Hakwenda barabarani. Kapita nyuma ya nyumba, kisimani, kaingia kwenye mikorosho. Mabibo yametapakaa chini, yamechacha, na mlafi yule kayapita bila kuyagusa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mzee Issa alikuwa amelala ubavu chini ya mkorosho, kiatu kimoja hakipo. Karibu mno. Nilisikia redio za mtaani kwetu Magomeni kutoka pale. Nikamshika shingo. Joto bado lipo, mapigo hakuna.

Tabibu wa zahanati amesema kiu na jua la jana. Kasema alikata roho alfajiri ya leo. Nimemwuliza tena, kanijibu vilevile. Alfajiri ya leo.

Jana saa kumi jioni alikuwa hai. Alikuwa hai wakati watu wanacheka. Alikuwa hai wakati nimepokea kanzu.

Wamemzika alasiri. Nilisimama nyuma.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimefundisha vipindi viwili. Sikumbuki nilichofundisha. Watu wananisimamisha njiani kunishukuru. Wanamsifu mbwa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimekwenda kumpa pole Bi Somoe. Yuko kwenye eda, nilisalimia nikiwa nje ya pazia.

Kaniuliza, "Mwalimu, hivi siku ile ya kwanza mbwa alikuwa na nini? Mbona hakumwona mzee?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni. Halafu nikafikiria atakavyokaa miezi minne na siku kumi ndani ya chumba kile, akiitazama pasi iliyoinyoosha kanzu.

"Alikuwa amechoka, Bibi," nikasema. "Mbwa naye huchoka."

"Maskini," kasema. "Umpumzishe, mwanangu."

Baada ya swala ya Ijumaa katuma bakuli la pilau ya msibani, na nyama juu. La mbwa. Kaagiza bakuli lisirudishwe.

Nimeliweka chini kivulini. Kinanda kala taratibu, si kawaida yake. Nimekaa karibu naye mpaka alipomaliza.